Robo ya Mwisho ni ya Wadogo

Mwezi uliopita tulikutana Dirma, nyumbani kwa Paskali Bura, aliyekuwa kapteni wetu wa mpira wa kikapu chuoni. Alikuwa amemaliza kujenga nyumba ya matofali ya kuchoma, padre amekuja kuibariki, naye akaona shughuli haitanoga bila watu aliotoka nao jasho ujanani. Wengine sikuwa nimewaona tangu tumalize chuo. Wembamba wamenenepa, wanene wamekuwa wakuu wa shule, na yule bwana aliyekuwa akiruka mpaka anashika chuma cha kikapu sasa anashuka ngazi za baraza kwa ubavu, mkono mmoja ukutani, huku akizilaumu ngazi. Tulikula pilau, tukanywa maziwa mgando, na maneno yakaanza. Kila mmoja alikuwa na fainali yake. Jua lilipoanza kuinama, mechi tuliyoshinda kwa pointi moja ilikuwa imeshakuwa ya pointi kumi na mbili, na mtu ambaye nakumbuka vizuri alikuwa amelala bwenini na malaria alikuwa ameshafunga vikapu vitatu. Nikawaza, mwaka wetu ule wa fainali ukiachwa kwenye midomo ya ndugu zangu hawa utageuka hadithi ya sungura. Afadhali niuandike mimi, wakati bado nakumbuka kila mtu alikuwa amesimama wapi.

Sitaanza na nilikozaliwa wala na ng'ombe wa baba. Hayo kila mtu wa Mbulu anayo. Nianze na bweni. Chuo chetu cha ualimu kilikuwa juu, upande wa Tlawi, mahali ambapo ukungu huingia darasani asubuhi na kukaa nanyi mpaka nao umchoke mwalimu. Ndio mwaka Manyara ilipomegwa kutoka Arusha ikawa mkoa. Kwenye kibao cha chuo walikuwa wamefuta neno Arusha bila kuandika Manyara, kwa hiyo kwa muda mrefu tulikuwa chuo cha mkoa wa rangi nyeupe. Mengine nayo yalikuwa yanabadilika. Gulioni mitumba imejaa, viatu vya michezo unaweza kuvipata kwa jozi au, ukichelewa, kwa mguu mmoja mmoja. Viwanda vya umma vilikuwa vinauzwa, na makampuni ya watu binafsi yalikuwa yanaanzisha timu zenye majina yao, tukizisikia redioni zikicheza Dar es Salaam. Mtu mmoja tu bwenini alikuwa na simu, na ili ishike mtandao ilibidi apande kwenye kichuguu nyuma ya jiko, nasi wengine tukisimama chini kumsindikiza kwa macho.

Nilipewa kitanda cha juu. Cha chini kilikuwa cha Paskali, mwanachuo wa mwaka wa pili, mtu mrefu, mkimya, mwenye viganja vikubwa vya kupalilia. Jioni ya kwanza alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, kama mtu anayekagua fahali mnadani.

"Umewahi kucheza kikapu?"

"Hapana, kaka. Mpira wa miguu tu."

"Nafasi gani?"

"Golikipa."

"Vizuri. Mikono unayo, na hakuna aliyekufundisha vibaya. Kuanzia leo wewe ni mdogo wangu."

Nilidhani ni maneno ya ukarimu. Kumbe ulikuwa utaratibu. Kila mchezaji wa mwaka wa pili alichagua mdogo wake wa mwaka wa kwanza, wakala sahani moja, wakapasua kuni pamoja, wakaenda mazoezini pamoja. Kwa hiyo mwaka mzima nilikula sahani moja na Paskali Bura. Makande yakija, alikuwa anasukuma maharage upande wangu kwa kijiko, taratibu, huku anazungumza jambo lingine kabisa, ili nisipate nafasi ya kukataa. Nikinenepa kidogo alifurahi, nikikohoa alininunia. Nimeoa, nimelea watoto, na bado sijui kama nimewahi kumlisha mtu kwa adabu ile.

Uwanja wetu ulikuwa wa udongo. Tuliupigilia kwa miguu na kuupaka mchanganyiko wa mfinyanzi na samadi, kama sakafu ya nyumba ya bibi, na kila baada ya mvua tuliupaka upya. Siku za ukungu mpira haukudunda. Ulikuwa unafika chini na kulala. Wageni waliokuja kucheza kwetu walilia, lakini sisi tulikuwa tumeshazoea kutoudundisha. Ulikuwa ukitoka mkono huu unaingia mkono ule, na aliyekaa nao sana alisikia sauti ya Madam Zainabu kutoka ukingoni: "Mpira hauchungwi, baba, unatumwa! Utume!"

Madam Zainabu alikuwa mkufunzi wa Hisabati, mtu wa Tanga, serikali ilimleta na baridi yetu ikampokea vibaya. Alivaa sweta mbili na koti la mume wake juu, khanga kichwani, na soksi nene ndani ya kandambili. Watu waliposikia kwanza kwamba mwanamke atawafundisha wanaume kikapu, walicheka. Nilipofika mimi hakuna aliyekuwa anacheka, kwa sababu kombe la vyuo vya kanda lilikuwa limekaa kwenye kabati la ofisi ya mkuu miaka mitatu mfululizo. Na hapo ndipo penye ajabu. Kozi yetu ilikuwa ya miaka miwili. Chuo kama hicho hakina mchezaji mzee. Ukimaliza kumlea anaondoka. Waliotwaa kombe la kwanza walikuwa wameshatawanyika kwenye shule za msingi huko vijijini, na bado kombe halikuondoka.

Siri yake ilitokana na kosa, na Madam mwenyewe alipenda kulisimulia wakati wa chai. Alipohamia kwetu alikuwa na mtoto mdogo na hana maziwa. Jirani yake, mzee Akonaay, akamletea ng'ombe. Sasa kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi huwaweka kwenye nyumba za wengine. Wewe unamtunza, unakunywa maziwa, unachukua samadi, ila ng'ombe ni wake na ndama ni wake. Hakuna aliyemweleza Madam, kwa sababu hakuna aliyefikiri kuna mtu mzima asiyelijua hilo. Ng'ombe akazaa dume, dume likakua, na Idi ilipofika Madam akaalika majirani na kunoa kisu. Mzee Akonaay akafika mapema, akakuta ndama amefungwa kwenye mti.

"Madam, unamchinja ndama wangu?"

"Wako kivipi, mzee wangu, si ulinipa?"

"Nilikupa maziwa."

Majirani walicheka mpaka Idi iliyofuata, na Madam alicheka kuliko wote. Lakini mwaka huohuo timu yake iliyokuwa nzuri ilimaliza chuo, na timu iliyobaki ikafungwa kila mahali mpaka aibu. Alituambia kwamba alikaa akawaza: nimekuwa nikiwagawia watu ng'ombe, kumbe natakiwa kuwagawia maziwa. Ndipo akaweka sheria. Nafasi uwanjani ni ya chuo. Mwaka wa pili anainywa robo tatu za mchezo. Robo ya mwisho ni ya wadogo. Mkubwa anatoka, anaingia mdogo wake, hata kama tunafungwa, hata kama ni fainali. "Asiyewahi kuwa uwanjani roho ikiwa mkononi," alisema, "mwakani atafanya nini ikiwa mkononi?" Kwa mtu wa mjini sheria hiyo ni wazimu. Kwetu, ambako kila boma lina ng'ombe wa mtu mwingine, iliingia akilini siku hiyohiyo.

Mwaka wangu ulikuwa na mzigo zaidi. Chuo kilichotwaa kombe mara nne mfululizo kiliruhusiwa kubaki nalo moja kwa moja. Alasiri moja nilikuwa napasua kuni nyuma ya jiko, dirisha la ofisi likiwa wazi, nikamsikia mkuu wa chuo akimbembeleza Madam.

"Mwaka huu tuache utaratibu kidogo. Mkoa ni mpya, maofisa ni wapya. Kombe likibaki hapa watatuona. Yule Paskali acheze mpaka mwisho."

"Mkuu, tukishinda kwa Paskali, mwakani tutashinda kwa nani?"

"Ya mwakani tutayaona mwakani."

"Ndivyo wanavyosema wanaofungwa, mkuu wangu."

Niseme ukweli, nilimwombea mkuu ashinde ubishi ule. Mimi ndiye niliyetakiwa kuingia Paskali akitoka, na nilijijua. Mikono ilikuwa mizuri, moyo ulikuwa wa kuku.

Fainali ilichezwa Katesh. Tulisafiri kwa lori lililokuwa limetoka kushusha vitunguu swaumu, na harufu ikatuingia kwenye nguo, nywele na mkate wa njiani. Wapinzani wetu, chuo cha mkoa wa jirani, walitupokea wameziba pua. "Zibeni tu," Paskali akawaambia, "kesho mtaungwa navyo." Walikuwa na mamluki, kila mtu alimwona. Jamaa mwenye ndevu za baba wa watoto watano, eti mwaka wa kwanza, na alipoulizwa jina la mkuu wake wa chuo alisema analijua ila limemtoka.

Asubuhi ya mechi tulikunywa chai kwenye mgahawa mmoja karibu na stendi, chai ya maziwa na maandazi ya moto, upepo wa mlima Hanang ukipuliza vumbi mpaka kwenye sukari. Meza ya nyuma yangu alikaa bwana aliyevaa kofia ya kampuni moja ya Dar es Salaam. Alimwita Paskali, wakazungumza. Sikutega sikio, meza zilikuwa zimebanana. Alisema amesikia habari zake, kwamba kampuni inatafuta mchezaji, na anayechukuliwa anapewa na kazi, kazi ya kweli, ya ofisini.

"Nitakuangalia leo," alisema. "Ila mimi, kijana, naangalia mwisho. Robo tatu za kwanza kila mtu ni mchezaji. Nataka nimwone anayemaliza mchezo."

"Ndiyo, mzee," Paskali akajibu. Basi. Akarudi mezani kwetu, akanisukumia andazi lake.

Nilikuwa najua anavyoitaka nafasi ile. Jumapili mchana, wenzetu wakifua, yeye alilala na redio juu ya kifua akisikiliza ligi ya Dar es Salaam, na nikimwita haitiki. Mara moja tu aliniambia, akitazama chaga za kitanda changu, kwamba angependa kabla hajafa acheze mahali ambapo watu hawamjui, waseme, "Nani huyu?" Alisema kisha akaniagiza maji, kama mtu aliyejikuta ametoka bila shati.

Paskali alicheza siku ile kama sijawahi kuona mtu akicheza, na nimeona wengi tangu hapo. Uwanja ulikuwa wa saruji na mpira ulidunda vizuri, lakini yeye hakuudundisha kwa fahari. Aliutuma, akaufuata, ukarudi kwake, akaruka, akaachia. Yule mwenye ndevu alimpiga kiwiko, akainuka, akajipangusa, akamuuliza kwa upole kama watoto nyumbani hawajambo. Uwanja mzima ukacheka, hata refa. Robo ya tatu ilipokwisha tulikuwa mbele kwa pointi tano. Watu wakaanza kupiga makofi kwa mpigo mmoja: "Paskali abaki! Paskali abaki!" Mkuu wa chuo alikuwa amesimama juu ya kiti, mtu mzima na suti yake. Bwana wa kofia alikuwa amekaa mbele kabisa, amekunja mikono.

Wakubwa wanne walisimama wakimtazama Paskali. Akibaki yeye, watabaki wote. Nilimtazama Madam, nikiomba kwa macho asiseme kitu, na kweli hakuamuru. Alimkaribia, akavuta koti lake vizuri kwa ajili ya upepo, akasema, "Baba, leo uamuzi ni wako. Ukibaki sitakulaumu, na mtu yeyote asikulaumu."

 Paskali akashika pindo la jezi, akaivua. Tulikuwa na seti moja tu ya jezi, kwa hiyo mdogo alivaa ya mkubwa wake hivyohivyo. Marefa walishachoka kutuuliza. Alinivisha mwenyewe, kichwani, kama unavyomvisha mtoto, ikiwa imelowa na ina joto lake. "Maziwa yako hayo," akaniambia. Wale wanne wakavua za kwao. Watazamaji walizomea. Sikuwahi kusikia watu wakizomewa kwa kufanya jambo jema namna ile.

Nikaingia na nikaharibu mara moja. Pasi ya kwanza nilimpa adui. Mtupo wa kwanza haukugusa hata ubao. Yule mwenye ndevu akafunga, akafunga tena, pointi tano zikayeyuka, tukawa nyuma. Kila nilipokosea niligeuka kumtafuta Paskali ukingoni, aniambie nifanye nini. Akanikazia macho mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu nilipogeuka, alikuwa amenipa mgongo. Amesimama kifua wazi, anatazama mlima, mikono kiunoni. Nilishtuka kama mtu aliyeachiwa baiskeli katikati ya mteremko. Basi, nikajiambia, huyu hatazami tena, tumebaki sisi. Na sisi, wadogo watano tulionuka kitunguu swaumu, tukaanza kutumiana mpira kama tulivyofundishwa kwenye samadi. Haukugusa chini. Mwishoni tulikuwa nyuma kwa pointi moja, mpira ukanifikia mimi chini ya kikapu, mwenye ndevu amenifunika mbele kama mlango. Sikutupa. Nilimwona Safari, mdogo mwenzangu, pembeni, peke yake, nikautuma. Safari aliufunga akiwa amefumba macho. Anakataa mpaka leo, lakini niliona. Wakakimbilia upande wetu, mwenye ndevu akatupa, ukagonga chuma, ukatoka nje. Filimbi.

Kombe likawa letu moja kwa moja. Nilipofanikiwa kuchomoka kwenye mabega ya watu nilimtafuta bwana wa kofia. Alikuwa kando ya gari lake, mkono kwenye bega la yule mwenye ndevu, wanacheka. Alikuwa mkweli: alisema atamchukua anayemaliza mchezo, na ndevu zile zilicheza mpaka filimbi. Kwenye lori Paskali alituachia sisi kombe tulipakate. Yeye alikaa nyuma karibu na mlango, akimenya muwa kwa meno na kutugawia vipande. Miezi michache baadaye alipangiwa shule ya msingi Getanuwas, akaenda na redio yake.

Mwaka wangu wa pili nami nilivua jezi robo ya tatu ilipokwisha, nikamvisha mdogo wangu, Daniel. Kwangu haikuwa vigumu. Hakuna mtu wa Dar es Salaam aliyekuja kunitazama. Tulilitwaa kombe jipya, na la mwaka uliofuata, mpaka Madam Zainabu akahamishwa na mkufunzi mpya akaona ni upuuzi kumtoa mchezaji bora wakati mchezo umepamba moto. Walishinda mwaka mmoja, kisha wakasahauliwa. Ila Daniel alikuwa amepata kazi ya ukufunzi kwenye chuo kimoja huko chini, na miaka michache baadaye chuo hicho nacho kikaanza kutwaa kombe mwaka baada ya mwaka. Watu walishangaa wametoa wapi wachezaji. Sisi hatukushangaa.

Pale Dirma, wenzetu walipoondoka kwenda kuangalia zizi, nilibaki barazani na Paskali. Nikamwambia jambo ambalo sijawahi kumwambia.

"Kapteni, ule mgongo ulionipa Katesh, mimi walimu walio chini yangu shuleni nawafundisha mpaka leo. Nawaambia mwalimu mzuri anajua wakati wa kugeuka, mwanafunzi asimame mwenyewe."

"Mgongo gani?"

Nikamkumbusha. Akanitazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa.

"Bwana wewe! Nilikuwa nalia."

"Kulia?"

"Kulia kabisa, na makamasi. Ningegeuka ungeona, ukaharibikiwa zaidi." Akajifuta macho kwa kiganja kilekile kikubwa. "Ile kazi niliitaka, ndugu yangu. Niliitaka kuliko kitu chochote. Ulivyokuwa unaharibu, kila wakifunga wale, nilikuwa nasema moyoni, wafunge tena, wafunge, ili Madam aniite nirudi. Mungu anisamehe."

"Na kama angekuita?"

"Hakuniita. Na mimi mdomo sikuufungua."

 Miaka yote hiyo nilikuwa nimemweka Paskali kwenye kundi la watu wasiotaka kitu, wale ambao kutoa kwao ni kama kupumua, nikajihesabia kwamba mimi mwenye tamaa siwezi kufanana naye. Kumbe alikuwa anataka kuliko sisi wote, na alivua jezi hivyohivyo.  Nikamwambia asante, na niliposikia sauti yangu ndipo nilipotambua kwamba sijawahi kumwambia.

"Asante ya nini," alisema, akiangalia upande wa zizi. "Mlishinda."

"Tulishinda, kapteni," nikamwambia.